Kamera inunue mwisho: mwongozo wa vifaa kwa anayetengeneza video kwa mfuko wake

Kila wiki kuna kijana ananiuliza: "Kaka, ninunue kamera gani?" Nami namjibu kwa swali: utarekodi nini, nani ataongea, na mtakuwa wapi saa ngapi? Wengi hawajafikiria. Wameona kamera mtandaoni, wameipenda, basi. Wanaitafuta pesa miezi minane, wanainunua, kisha wanagundua haina maiki, haina stendi, kadi haitoshi, na hela imekwisha.

Hapa nitakwenda kinyumenyume. Tuchukue kazi moja halisi: filamu fupi ya dakika kumi kuhusu fundi wa majahazi pale Bagamoyo. Mzee ataongea, atachonga mbao kwa tezo, vijana wake watapiga kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, na pengine mashua itashushwa majini. Kazi hii ina kila kitu cha kumtesa mpiga video: jua, upepo, chumvi, kelele, na mtu mzima asiyependa kurudia maneno.

Hatua ya 1: Andika picha zako kwenye karatasi

Chukua daftari, siyo kikokotoo. Andika kila picha unayoitaka, na pembeni yake kifaa inachokidai.

Mzee anaongea amekaa: maiki ya kubana shatini, stendi. Mikono na tezo kwa karibu, bila kumkaribia mpaka kibanzi kikurukie jichoni: lenzi ya kuvuta. Ufukweni saa saba mchana: filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Ndani ya banda la makuti ambako mwanga ni wa kupenya tu: lenzi yenye tundu kubwa. Umeona? Tumeshataja vitu vitano na kamera bado haijasemwa. Kamera karibu yoyote iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita itarekodi hayo yote kwa ubora ambao mtazamaji wa simu hatautilia shaka. Maiki mbovu ataisikia ndani ya sekunde tano.

Hatua ya 2: Gawa pesa kabla hujaingia dukani

Kanuni yangu ni kwamba kamera na lenzi zisile zaidi ya nusu. Ukiwa na milioni tatu za Kitanzania: milioni moja na nusu kamera na lenzi, laki sita sauti, laki nne stendi, laki tatu kadi, betri na filta, na laki mbili zibaki mfukoni kwa nauli na chakula cha siku za kurekodi. Hiyo ya mwisho watu huicheka, halafu siku ya tatu wanarekodi kwa haraka kwa sababu wana njaa.

Kama una milioni moja tu, usinunue kamera. Tumia simu uliyonayo, weka programu ya Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kuweka kwa mkono shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na rangi zisibadilike, kisha pesa yote ipeleke kwenye maiki na stendi. Nasema hivi nikijua kabisa kuna watakaokasirika.

Hatua ya 3: Sauti, na hapa tukae

Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi bibi mmoja mpishi, saa nzima, maneno matamu yasiyorudiwa. Maiki ilikuwa ya shilingi chache, ya waya, nimeichomeka kwenye kamera, taa ya kurekodi inawaka, nimeridhika. Nyumbani nafungua faili: shhhhhh. Hakuna neno hata moja.

Kosa lilikuwa kwenye pini. Shika maiki yako uitazame ncha. Pini ya kamera ina pete mbili nyeusi. Pini ya simu ina pete tatu. Zinaingia kwenye tundu lilelile, zinakaa vizuri, wala hazikuambii lolote. Ukichomeka ya pete tatu kwenye kamera, mara nyingi unapata ukimya au mvumo. Maiki kama Boya BY-M1 ina swichi ndogo ya kuchagua simu au kamera. Nyingine zinadai waya wa kubadilisha. Tazama pete kabla hujalipa.

Somo la pili la siku ile: sikuvaa spika za masikioni. Kamera yangu haikuwa na tundu la kusikilizia. Ndiyo maana nikilinganisha Sony a6400 na Sony ZV-E10, ambazo zinakaribiana sana kwa picha, kwa mahojiano nachukua ZV-E10: ina tundu la spika za masikioni, a6400 haina. Hakuna tangazo litakalokupigia kelele kuhusu tundu hilo.

Maiki ikae shubiri moja chini ya kidevu. Kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti inapungua kwa desibeli 6, huku kelele za jirani zikibaki palepale. Kwa hiyo maiki ya bei poa kifuani inaishinda maiki ya bei mbaya iliyokaa juu ya kamera mita mbili huko. Panga kiwango ili sauti yake ya juu ifike karibu na −12 kwenye kipimo cha sauti cha kamera. Ukiipeleka mpaka 0, akicheka tu sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka hairudi.

Ufukweni kuna upepo. Kile kisponji cheusi kinachokuja na maiki hakitoshi. Tafuta kile cha manyoya, au ifiche maiki ndani ya shati na uhakikishe kitambaa hakisuguani nayo. Ndani ya nyumba zima pangaboi, zima friji, na funguo zako za nyumbani ziweke ndani ya hilo friji ili usiondoke bila kuliwasha tena. Kunguru siwezi kukusaidia. Adhana na bodaboda unasubiri zipite, na mzee atakuheshimu zaidi kwa kusubiri adhana kuliko kwa kamera yako.

Njia ninayoipenda kwa mwenye bajeti ndogo: maiki ya waya kwenye simu ya pili, simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, itiwe mfukoni mwa mzee, irekodi mfululizo. Kamera nayo inarekodi sauti yake mbovu. Mkianza piga kofi moja mbele ya lenzi. Kwenye kuhariri unalinganisha mlio wa kofi kwenye sauti zote mbili, unaifuta ile ya kamera. Tofauti na maiki zisizo na waya, hakuna mawimbi ya kukatika, hakuna chaja ya ziada.

Kabla hujakunja vifaa, omba wote wanyamaze dakika moja na urekodi sauti ya mahali penyewe: mawimbi, nyundo za mbali, makuti. Dakika hiyo ndiyo itakayoziba viraka vyote unapokata maneno.

Hatua ya 4: Sasa kamera, na tuanze na iliyotumika

Kamera mpya ni raha, lakini ya mtumba iliyokaguliwa vizuri inakupa lenzi bure, ukitazama tofauti ya bei. Majina ninayoyaona sana sokoni: Panasonic G7 ya 2015, ambayo ni nyepesi na inarekodi 4K (picha yenye vidoti mara nne ya 1080, ile HD ya kawaida), Panasonic GH5 ya 2017, ambayo ina utulizaji wa picha ndani yake na inafaa sana kwa mkono, ila kujitafutia fokasi kwake kunayumba, Canon M50 ya 2018, ambayo kwenye 1080 ni safi, lakini ukiiweka 4K inakata picha pembeni sana na fokasi yake inakuwa nzito. Watu wengi wameinunua M50 kwa ajili ya maandishi ya "4K" kwenye boksi. Ichukulie kama kamera ya 1080 na mtaelewana.

Nenda dukani mchana, na hivi ndivyo ninavyokagua. Natoa lenzi, namulika tochi ya simu kutokea nyuma na kuitazama kutoka mbele. Nikiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, narudisha. Unyevu wa pwani umeshaila na itaambukiza uvumilivu wako. Nafunga lenzi kwa kifuniko, napandisha ISO, napiga picha ya giza na kutafuta vidoti vyeupe au vyekundu. Nabana tundu la lenzi mpaka f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), napiga ukuta mweupe: madoa ni vumbi, linasafishika, lakini ni sababu ya kupunguziwa bei. Nachomeka maiki yangu mwenyewe, natikisa pini taratibu huku nasikiliza. Mwisho nairekodisha dakika ishirini bila kuzima, na muuzaji akinuna najua kuna kitu. Kamera zinazopata joto na kujizima hufanya hivyo baada ya dakika kumi na tano, siyo mbele ya mteja wa dakika mbili. Dai risiti yenye namba ya kamera. Vitu vya wizi vinazunguka, nawe hutaki kueleza polisi.

Uulize pia ukomo wa kurekodi. Kamera nyingi za zamani zinakata kwenye dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Ulaya ilikuwa ikitoza ushuru mwingine kwa kitu kinachorekodi video dakika 30 au zaidi. Canon 600D na wenzake wanakata mapema zaidi, karibu dakika 12, faili likifika GB 4. Kwa mikono na tezo haina shida. Kwa mzee anayesimulia kaskazi ya ujana wake, utamkatiza katikati ya dhoruba.

Lenzi: usikimbilie 50mm f/1.8 kwa sababu ni rahisi. Kwenye kamera za sensa ndogo kama hizi za Sony inakuwa kama 75mm, na sebuleni utarudi nyuma mpaka mgongo uguse kabati la vyombo na bado unapata uso tu. Lenzi ya kwanza iwe ile ya kuvuta iliyokuja na kamera, ya pili iwe 35mm au karibu na hapo yenye tundu la f/1.8 au f/2.

Stendi nitasema moja tu: shika kichwa chake, kigeuze taratibu, kisha kiachie ghafla. Kikirudi nyuma au kikiruka, picha zako zitafanya hivyohivyo.

Hatua ya 5: Kadi na betri

Fanya hesabu badala ya kukisia. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 12.5 kila sekunde, 750 kila dakika. Kadi ya GB 64 inakupa dakika kama 85. Ya GB 128, saa mbili na dakika 50. Tafuta alama ya V30 au U3, maana yake kadi inaweza kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, na kwa kazi hii inatosha.

Kadi bandia zimejaa. Niliwahi kupigwa: imeandikwa 128, ndani kulikuwa na GB 8, na iliendelea "kurekodi" juu ya vilivyotangulia bila kulalamika. Tangu hapo kila kadi mpya inapita kwenye H2testw kwenye kompyuta, programu ya bure inayoijaza kadi mpaka pomoni na kuisoma tena. Inachukua muda. Iache usiku ulale. Kadi isiyopita nairudisha asubuhi nikiwa na risiti.

Nunua kadi mbili za 64 kuliko moja ya 128. Betri ziwe tatu kwa siku, na chaja ya kuchomeka kwenye gari au pawabenki, kwa sababu umeme ukikatika saa nne asubuhi fundi hatasubiri urudi.

Hatua ya 6: Panga kamera mara moja, uache kuchezea

Fungua menyu utafute NTSC na PAL, mifumo miwili ya video inayoamua idadi ya fremu. Kamera zilizotoka Marekani au Japani huja kwenye NTSC, weka PAL. Fanya hivyo kabla hujarekodi chochote, kwa sababu kamera nyingine zitadai kufuta kadi. Kisha fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50.

Sababu iko ukutani. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kwa shata ya 1/50 kila fremu inameza mipepeso miwili kamili, picha inatulia. Kwa 1/60 inameza mmoja na kipande, na ndipo unapopata ile mistari myeusi inayopanda na kushuka ukumbini. Video nyingi za harusi zimeharibika kwa namba hiyo moja.

Rangi ya mwanga iweke kwa mkono: kelvini 5600 nje, na ndani kulingana na taa. Ukiiachia kamera, itabadilisha mawazo mzee akigeuza kichwa. Log, ile hali ya kurekodi picha iliyopauka ili uitie rangi wakati wa kuhariri, achana nayo kwanza. Inadai ISO kubwa kwenye jua kali na saa nyingi kwenye rangi, na faida yake kwenye kamera hizi ndogo si kubwa kama wanavyoisifu.

Hatua ya 7: Jua letu na ngozi yetu

Mchana kweupe, ISO 100 na shata 1/50, tundu linalotakiwa ni karibu f/22. Lenzi ndogo zikibanwa hivyo picha inakuwa laini, na kila kitu nyuma ya mzee kinaonekana sawa na uso wake. Ukitaka f/4 inabidi upunguze mwanga hatua tano, yaani mara 32. Hiyo ndiyo filta ya ND32. Filta ya kuzungusha inakupa viwango vingi kwa mpigo, ila ukiizungusha mpaka mwisho inaleta msalaba mweusi angani, kwa hiyo usiifikishe huko. Nunua ya kipenyo kikubwa, mm 77, na pete za kuivalisha kwenye lenzi ndogo. Hapo utanunua mara moja.

Ngozi nyeusi haihitaji mwanga mkali, inahitaji mwanga mpana. Ngozi yetu hurudisha mng'ao wa kile kilicho mbele yake, kwa hiyo taa ndogo ya mbele inaacha kidoti kinachong'aa kwenye paji na giza mashavuni. Mkalishe mzee kwenye mlango wa banda, akitazama nje kwa ubavu, mwanga wa anga umpige upande mmoja. Upande wa pili simamisha shuka jeupe au bao la stairofomu, hatua moja kutoka shavuni. Tazama shavu la gizani huku msaidizi anasogeza shuka: kuna mahali mfupa wa shavu unajitokeza ghafla, kama umechorwa. Hapohapo mwambie asimame.

Miongozo mingi inasema weka mistari ya pundamilia, ile ambayo kamera huichora kwenye skrini mahali mwanga ulipofika kiwango ulichochagua, kwenye asilimia 70 kwa ajili ya uso. Wameandika kwa ngozi nyingine. Ukifuata hivyo mzee atatoka kijivu na kanzu yake itaungua. Weka pundamilia kwenye 95 au 100, fungua mwanga mpaka iguse kanzu, rudi nyuma kidogo ipotee. Halafu uso uupandishe kwa shuka lako, usiupandishe kwa ISO. Njia hii ndiyo inayookoa shela jeupe na bibi harusi mweusi kwenye fremu moja.

Kuhusu saa: Bagamoyo bahari iko mashariki. Ukitaka jua nyuma ya jahazi majini, amka. Saa kumi na mbili alfajiri uwe umeshasimamisha stendi mchangani. Jioni jua linazama nyuma ya mji, mwanga wake mzuri unaipiga mashua kwa mbele kuanzia saa kumi na moja, na likishazama giza halikupi hata nusu saa. Na uulize maji. Mashua kubwa husubiri bamvua, maji yanapojaa sana, ili ishushwe, na bamvua haiangalii ratiba yako.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Usilale kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaitoa kamera moja kwa moja nje. Kioo baridi kikikutana na hewa ya pwani kinatoka jasho, na kwa dakika ishirini hivi huna kamera. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado chumbani, itoke nao, ipate joto taratibu ndani ya mfuko.

Vibali shughulikia mapema. Filamu kwa Tanzania ina Bodi ya Filamu, droni ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, yana wasimamizi wake, na mtaa una mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye anayesahaulika na ndiye anayefika kwanza.

Ukifika, begi liache chini. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Kaa, kunywa kahawa, uliza mbao imetoka wapi. Mimi sianzi na mahojiano. Nusu siku ya kwanza narekodi mikono: tezo ikiinua kibanzi, pamba ya kalafati ikisukumwa kwenye ufa, kidole kikipima kama ufa umeziba. Kila picha naishikilia sekunde kumi bila kusogea, nahesabu kimoyomoyo. Mchana mzee ameshaizoea kamera, na maswali yangu sasa yanatoka kwenye nilichokiona. Nilipomuuliza mmoja kwa nini alirudia kugonga sehemu moja mara tatu, aliongea dakika kumi na tano.

Hatua ya 9: Usiku

Kabla ya kuoga, kabla ya kula. Pangusa kamera na stendi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, kisha kikavu. Chumvi inaanza kula skrubu usiku huohuo. Miguu ya stendi ifungue yote, mchanga utoke. Vifaa vilale kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Nakili kadi kwenye diski mbili tofauti. Linganisha ukubwa wa folda, kisha fungua faili la kwanza, la katikati na la mwisho kutoka kwenye diski ya pili, ukiwa umevaa spika za masikioni. Diski moja ikae kwenye begi lako, nyingine kwa mwenzako. Kadi usiifute usiku huo hata kama inahitajika kesho. Ndiyo maana ulinunua mbili.